Miguu ya Wageni

Kuna mwanamke mmoja wa Kilakala, hapa Morogoro, ambaye kwa zaidi ya miaka kumi aliniita mpagazi. Siku hizi ananiita mwalimu. Tukikutana sokoni anatua kikapu, anainamisha kichwa kidogo na kusema shikamoo, nami naitikia marahaba kama mtu aliyekabidhiwa barua ya kustaafu. Mke wangu anaona ni maendeleo. Watoto wangu, waliozoea kumsikia baba yao akitukanwa mbele za watu, wanaona kwamba hatimaye nimepata heshima yangu. Ni mimi tu ninayejua kwamba shikamoo ile ni hukumu, na kwamba hukumu hiyo niliiandika mwenyewe, kwa Kiswahili fasaha, kwenye karatasi nzuri inayong'aa.

Mwanamke huyu ni mchoraji. Ni Mluguru wa milima ya juu ya Mlali, mtoto wa mama aliyelima karoti, kabichi na njegere kwenye shamba lililoinama kiasi kwamba jembe likikuponyoka unakwenda kulifuata kwa jirani wa chini. Mimi ni Mnyamwezi niliyezaliwa Morogoro mjini. Baba alikuja na kazi ya reli akasahau kurudi. Kwa hiyo sisi ni watani. Hakuna aliyemchagua mwenzake. Tulizaliwa na ruhusa ya kutukanana, kama wengine wanavyozaliwa na shamba la ukoo.

Tulikutana kwenye harusi huko Mlali. Mfanyakazi mwenzangu wa chuoni alikuwa anaoa, nami nikafika mapema mno, kosa ambalo sisi tuliosoma hulifanya kwa sababu tunaamini saa iliyoandikwa kwenye kadi. Nikajikuta uani na wanawake wa mapishi. Mmoja wao hakuwa anapika. Alikuwa amekalia kreti ya soda, kipande cha mkaa mkononi, anawachora wenzake kwenye boksi la mafuta ya kupikia alilolipasua na kulikunjua. Nikasimama nyuma yake, mikono mgongoni, kama msimamizi wa mtihani.

"Wewe kabila gani?" akauliza bila kugeuka.

"Mnyamwezi."

"Ah! Mpagazi!" Sasa akageuka, akanitazama kuanzia viatu hadi tai. "Jamani, sisi tunahangaika na masufuria kumbe tumeletewa mpagazi, tena amevaa suti. Baba, beba hilo la pilau upeleke kwenye turubai. Babu zako walibeba meno ya tembo kutoka Tabora hadi pwani, wewe utashindwa na mchele?"

"Nitabeba," nikasema, "maana ninyi Waluguru kwenye tambarare hamtembei. Kwa kulima mlimani mguu wenu mmoja umekuwa mfupi. Ukipewa wewe, pilau lote litalalia upande mmoja."

Wanawake wakaangua kicheko, mmoja akaacha mwiko sufuriani. Nikabeba. Suti ile bado ina doa la mafuta upande wa kushoto, na sijawahi kuipeleka kwa dobi, ingawa kwa miaka mingi nilidai ni kwa sababu ya uvivu.

Tangu siku hiyo nikawa mpagazi wake kweli. Alikuwa amepanga vyumba viwili Kilakala, kimoja cha kulala na kimoja cha kuchorea, na kila nilipopita alikuwa na kitu kinachongoja kubebwa: ndoo za maji, fremu za mbao kutoka kwa fundi, gunia la mkaa. Nilikuwa nafika na vitabu kwapani, nikitaka kuzungumzia sanaa, naondoka na mikono imechubuka. "Kazi ya ukoo wako hiyo," alikuwa akisema, na mimi nikimjibu kwamba ningempa yeye abebe isipokuwa namwogopea huo mguu. Majirani walikuwa wanatoa viti nje kutusikiliza. Sidhani kama nimewahi kusikilizwa hivyo darasani.

Niseme kuhusu picha zake, kwa sababu bila picha hizo hakuna ninachojutia.

Alikuwa anachora kwenye mifuko ya salfeti, ile ya mbolea, iliyofuliwa, akiipiga misumari kwenye fremu na kuipaka kwanza rangi nyeupe ya ukutani. Kisha anaanza na sufuria. Sikuzote sufuria ndiyo ya kwanza, katikati kabisa, na mvuke wake. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Ukishaweka chakula, watu watakuja wenyewe." Na kweli walikuja. Walijazana kuizunguka ile sufuria: mabibi wenye vilemba, wanakwaya wa parokiani, mwali aliyetolewa ndani akiwa amepakwa mafuta mpaka anang'aa, mlevi mmoja wa kudumu, wanawake wa kikundi cha kuweka akiba wakigombana huku wanacheka. Waligusana mabega, walilaliana, mtoto wa huyu alinyonyeshwa na yule. Nyuma yao migomba, mafenesi yananing'inia, mbaazi, mvua inashuka kutoka mlimani kama pazia. Alikuwa na kijani cha aina nyingi kuliko majina ya kijani ninayoyajua. Ungetazama picha ile ukasikia kelele.

Na kwenye kila mkusanyiko, pembeni au katikati, alikuwepo mtani. Kuna picha amevaa kofia ya bwana harusi. Kuna picha anakimbia na kuku wa watu. Mara nyingi alikuwa na kichwa changu, na masikio makubwa kuliko haki.

Kitu kimoja hakikuwepo: miguu. Watu wake walikaa kwenye mikeka wameikunja, au walizibwa na masufuria, na majani ya migomba, na kanga, na watoto. Kwenye umati wa namna ile nani anaona miguu? Lakini mimi nilikuwa nimesoma, na mtu aliyesoma akitazama picha hutafuta kilichokosekana.

Basi akapata nafasi ya kuonyesha kazi zake Dar es Salaam, kwenye kituo kimoja cha utamaduni. Maonyesho yake ya kwanza ya peke yake. Walitaka kijitabu chenye picha na utangulizi wa ukurasa mmoja, na waliposema wana mtu wa kuandika, akakataa. "Ataandika mpagazi wangu," akawaambia. "Amezoea kubeba vitu vyangu."

Niliandika asubuhi moja ya Jumapili, mezani, chai ikipoa, nikicheka peke yangu. Nilisifu sufuria, mvua na kijani. Kisha nikaandika hivi: "Mtazamaji ataona kwamba katika picha zote hizi hakuna mguu hata mmoja. Msanii ni Mluguru. Kwao mlimani kila mtu ana mguu mrefu na mguu mfupi, na kwa kuwa hajawahi kuona jozi inayolingana, ameona heri aifiche yote nyuma ya sufuria." Hapo ningeweka nukta na kwenda kanisani na familia yangu. Lakini nilikuwa nimeshachangamka. Nikaongeza: "Mkono wake unajua kukusanya watu, bado haujajua kuwasimamisha."

Niliipenda mno sentensi hiyo ya mwisho. Niliisoma kwa sauti mara tatu, kila mara nikibadilisha mkazo.

Mratibu wa maonyesho, binti mwenye adabu, alinipigia simu. "Mwalimu, hii sehemu ya miguu, mwenyewe ameiona?"

"Haina haja," nikasema. "Sisi ni watani. Hana neno."

Na ni kweli mtani haombwi ruhusa. Ukimwomba mtu ruhusa ya kumtania umeshaharibu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na sheria niliijua vizuri. Nilichosahau ni kwamba utani una mahali pake: unahitaji ua, na watu wanaojua huyu ni nani kwa yule, na nafasi ya yeye kunijibu papo hapo mbele ya watu walewale. Kwenye karatasi nilizungumza peke yangu. Mratibu akatafsiri kwa Kiingereza kwa ajili ya wageni, na kwa Kiingereza mimi sikuwa mtani wa mtu yeyote. Nilikuwa mhadhiri aliyeandika kwamba mwanamke huyu hajui kuchora miguu kwa sababu ya kabila lake.

Siku ya ufunguzi nilikuwepo, nimevaa suti nyingine. Watu walishika vijitabu, wanasoma, wanainua macho kwenye picha, wanashusha macho chini, kwenye sehemu ya miguu. Nilidhani mwanzoni wanafurahia. Kisha nikaona kwamba hakuna anayetazama sufuria. Ukumbi mzima ulikuwa unakagua miguu. Bwana mmoja mwenye shati la kitani alimsogelea, akasema kwa upole wa mtu anayemtia moyo mgonjwa, "Usijali, miguu ni migumu hata kwa wenye vipaji. Kuna mafunzo siku hizi, ya muda mfupi tu."

Yeye akacheka. Alicheka vizuri kabisa. Alikuwa na kijitabu mkononi, amekikunja mara mbili, na nilipomtazama nilijua anakisoma kwa mara ya kwanza siku ile, pamoja na wageni wake.

"Mluguru," nikamwambia, nikijaribu kurudisha mambo uani, "umesikia? Watakupeleka kwenye mafunzo, mguu urefuke."

"Nimesikia," akasema.

Nilisubiri jibu langu. Kwa zaidi ya miaka kumi hakuwahi kuniacha bila jibu. Akageuka kumsalimia mtu mwingine.

Tulirudi Morogoro na treni kesho yake mchana. Alikaa dirishani, akawa anatazama mashamba ya mkonge yakipita. Nilimletea karanga. Akala. Tulipofika stesheni nikanyoosha mkono nichukue mzigo wake mkubwa wa picha zilizokosa nafasi ukutani, kama kawaida, na nikaanza kulalamika kabla sijaulizwa, nikitaja babu zangu na meno ya tembo. Akashika kamba ya mzigo kwanza.

"Acha tu, mwalimu," akasema. "Utachafuka."

Nikasimama pale nimeshika vitabu vyangu.

Baada ya hapo alianza kuchora miguu. Sikuamini mpaka nilipopita Kilakala nikaona chumba kimejaa. Alikuwa anawaita majirani wavue viatu, wasimame juu ya boksi, anawachora vidole, visigino, nyufa za visigino, kucha. Alikuwa na kipaji. Wiki chache tu miguu ikawa miguu. Miguu sahihi kabisa. Lakini mguu ukitaka uonekane, jirani lazima ajisogeze. Sufuria lazima itoke njiani. Mkeka lazima ukunjwe. Picha ya harusi niliyoikuta ukutani ilikuwa na watu tisa wamesimama mmojammoja, wamevaa vizuri, miguu yote kumi na minane ipo, na walionekana kama watu wanaosubiri kuitwa na daktari. Nyuma yao kijani kilikuwa kimoja. Mtani sikumwona. Nilimtafuta sana, nikijifanya natazama migomba.

"Unaanzia wapi siku hizi?" nikamuuliza.

"Chini," akasema. "Nikimaliza miguu ndiyo napanda."

"Na sufuria?"

"Nafasi haitoshi."

Watu walizipenda picha zile mpya. Hoteli moja ilizichukua kwa ajili ya ukumbi wake wa mikutano, na nasikia wajumbe hupigwa picha mbele yake. Kwa hiyo siwezi hata kusema nilimharibia kazi. Nilimharibia kitu ambacho hakuna mtu mwingine aliyekuwa anakitafuta.

Nilikwenda kuomba msamaha. Nilichelewa miezi kadhaa, kwa sababu kila nilipopanga maneno yalitoka kama muhtasari wa mhadhara. Nilimkuta anaosha brashi kwenye beseni nje ya mlango. Akaniletea kiti cha plastiki. Zamani nilikuwa nakalia ndoo.

"Nimekuja kuhusu yale niliyoandika," nikasema. "Naomba unisamehe."

Akaendelea kukamua brashi. "Yapi, mwalimu?"

"Ya miguu."

"Si yalikuwa utani?"

"Yalikuwa utani."

"Sasa mtu anaombaje msamaha kwa utani? Mimi na wewe tumetukanana miaka yote hii, kuna aliyemwomba mwenzake radhi?" Alisema bila ukali wowote, kama mtu anayeuliza njia. "Ingekuwa siyo utani, hapo sawa. Ungesema, yale hayakuwa utani, nilikuwa namaanisha. Hapo ningejua nakusamehe nini."

Alikuwa amenifungulia mlango, na nilijua. Sentensi ya kwanza, ile ya mguu mfupi, ilikuwa utani, na nina hakika angeipokea na kunirudishia mara mbili. Sentensi ya pili haikuwa utani. Nilikuwa nimempa maksi. Nilijificha nyuma ya ruhusa ya mababu zetu nikamsahihisha kwa kalamu nyekundu, mbele ya watu wa Dar es Salaam, ili wajue kwamba aliyeandika ni mtu anayeona makosa. Nilitakiwa kusema hivyo tu. Maneno kama kumi hivi.

"Ulikuwa utani," nikasema.

"Basi yameisha," akasema. "Nikuletee chai, mwalimu?"

Nikanywa chai. Ilikuwa na sukari ya kiasi, alivyozoea kuwawekea wageni. Mimi alikuwa ananiwekea vijiko vinne huku akisema wapagazi wanahitaji nguvu.

Mama yake alifariki mwaka uliopita, wakati wa mvua. Nilimfahamu yule mama. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya kuvuka bonde, na sikuwahi kumwona bila viatu vyake vya mpira, gambuti za kijani. Alilimia gambuti, alipeleka karoti Mlali kwa gambuti, aliingia misani kwa gambuti, akizifuta kwanza kwa jani la mgomba mlangoni. Mara ya kwanza nilipopelekwa kwake aliniuliza kabila, nikajibu, akanikabidhi gunia.

Mchoraji alinipigia simu mwenyewe. "Mwalimu, mama hayupo tena. Tunazika Jumamosi, kulekule shambani. Njoo."

Nilielewa kwamba amesema njoo. Sikuelewa amemwita nani.

Kila mtu wa huku anajua kazi ya mtani msibani. Anachimba, anazuia jeneza, anavaa nguo za marehemu, anaigiza mwendo wake, anamsema vibaya mpaka waliokuwa wanalia washindwe kujizuia. Watu wanaweza kumzika mtu wao bila padre wakasubiri padre aje baadaye, lakini msiba usio na watani unakuwa mzito mno, hakuna wa kuushika upande wa pili. Nililijua hilo. Niliwahi hata kulifundisha. Na usiku wa Ijumaa kabla sijalala nilikuwa nimeshaamua kwamba safari hii sitamkosea: sitatania. Utani ndio uliotufikisha hapa. Nitaandika wasifu mzuri wa marehemu, wa heshima, nitausoma taratibu.

Gari liliishia chini, tukapanda kwa miguu katika tope. Nilipotokea uwanjani mjomba wake alinipokea kwa mikono miwili. "Karibu mwalimu, karibu. Kiti chako kile pale, mwanetu amekitenga mwenyewe." Kilikuwa kiti cha plastiki mwishoni mwa safu ya mbele, chini ya turubai. Pembeni yake, sawasawa na mahali ambapo ningeweka miguu, palikuwa na jozi ya gambuti za kijani, bado zina tope.

Nikaziona. Nikafikiri kuna mtu amezisahau, na padre angeweza kujikwaa. Nikazichukua, nikazifuta kwa majani mpaka zikawa safi, nikazibeba hadi nyuma ya nyumba na kuzipanga ukutani, visigino vimelingana. Nilijisikia vizuri kwa kusaidia. Nilipokuwa narudi kukaa nilimwona mchoraji kwenye mikeka ya wanawake, kanga imefunika nusu ya uso. Alikuwa ananitazama. Nikainamisha kichwa kwa heshima.

Kisha nikasoma. Nilisoma kuzaliwa, kubatizwa, ndoa, watoto, bidii yake katika kilimo cha mbogamboga. Nilitumia neno "nguzo" mara mbili. Watu walisikiliza, mvua inadondoka kwenye turubai.

Nilipokunja karatasi, mama yake mkubwa, bibi aliyekaa karibu na jeneza, akainua sauti. "Haya, tumesikia risala ya serikali. Watani wako wapi? Mdogo wangu anazikwa kama mkimbizi, hana hata mtani mmoja?"

Macho yakageuka. Siwezi kusema yalinigeukia mimi. Labda yalitafuta tu. Nilikuwa na nafasi ya kuvuta pumzi kama tatu. Nikashika karatasi yangu.

Akainuka Mzigua mmoja muuza ndizi kutoka Mlali, mtu ambaye sidhani kama aliwahi kuingia kwenye nyumba ile zaidi ya mara mbili. Akarukia kanga ya marehemu iliyokuwa begani kwa mtu, akajifunga.

"Mnalia nini nyie?" akapiga kelele. "Huyu bibi amewaamsha saa kumi alfajiri miaka yote mkamwagilie karoti, leo amewaachia mlale, mnalia! Laleni! Mimi simwachii azikwe. Huyu akifika huko atawaamsha marehemu wote wakapalilie, watarudi huku kutulalamikia!"

Kicheko kikaanza kwenye mikeka, kwanza kama kikohozi.

"Gambuti zake ziko wapi? Nimeambiwa ziliwekwa pale kwenye kiti. Nani kaziiba? Atazikwaje bila gambuti, kaburini kuna tope!"

Akazunguka akitazama chini ya viti, akiinua sketi za masista, na kila alipoinua watu walicheka zaidi. Akafika kwangu. Akaangalia chini ya kiti changu. Na mimi, Mungu anisamehe, nikanyoosha kidole kimya kimya kuelekea nyuma ya nyumba, kama mtu anayemwelekeza mgeni chooni.

Alirudi amezivaa. Akatembea uwanja mzima kwa mwendo wa yule mama, mikono kiunoni, akikagua watu kama matuta, akiwang'oa wengine kofia na kusema ni magugu. Mchoraji alicheka hadi akamwangukia mama yake mkubwa begani, machozi na kicheko havitofautiani. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu Dar es Salaam. Na hata siku ile ya Dar es Salaam hakucheka hivyo.

Jioni, nikiaga, alinisindikiza hadi kwenye mgomba wa mwisho.

"Ahsante kwa kusoma, mwalimu. Umeandika vizuri."

"Pole sana."

"Zile gambuti," akasema, "nilikuwekea wewe."

Akageuka kurudi uwanjani. Alikuwa na wageni wengi.

Nilirudi Kilakala baada ya arobaini kupita. Nilikuwa nimejiandaa kusema yote, ya maksi na ya gambuti, na nilikuwa nimejiahidi kutokuandika chochote kwanza. Mlango wa chumba cha kuchorea ulikuwa wazi. Alikuwa anamaliza picha kubwa kuliko zote nilizowahi kuona kwake, mifuko minne ya salfeti imeunganishwa kwa sindano ya magunia.

Ilikuwa ule msiba. Katikati kulikuwa na sufuria. Watu walikuwa wamejazana kuizunguka, wamelaliana, wamefunikana, kanga juu ya kanga, mvua, migomba, kijani cha kila aina kimerudi. Mzigua alikuwa katikati, mdomo wazi, na gambuti zake zilimezwa na umati kiasi kwamba ungezijua tu kwa jinsi alivyobinua kiuno. Hapakuwa na mguu hata mmoja. Nilisimama pale na nilitaka kulia kwa furaha, nikisema kimoyomoyo kwamba basi sikuharibu kila kitu.

Kisha nikajiona. Ukingoni kabisa, kulia, pameachwa nafasi kidogo, kiti cha plastiki, na juu yake mtu wa suti ameshika karatasi. Masikio yalikuwa ya ukubwa wa kawaida. Miguu yake ilionekana yote miwili, inalingana, imekanyaga chini sawasawa, na viatu vimechorwa kwa uangalifu mkubwa: kamba, vitundu vya kamba, hata mng'aro wa kiwi.

"Mbona mimi peke yangu nina miguu?" nikauliza.

"Wageni nawachora kamili, mwalimu," akasema.

Nikamtazama usoni. Zamani ningejua kabla hajafunga mdomo kama anatania, na ningekuwa nimeshamjibu. Nikasubiri acheke ili nami nicheke. Akachovya brashi, akarudi kwenye umati, akaongeza bega moja mahali ambapo nilidhani hapana nafasi tena.

"Ni picha nzuri," nikasema. "Ahsante."

"Karibu, mwalimu."

Nje ya mlango palikuwa na ndoo mbili za maji, zimejaa, zinangoja kuingizwa ndani. Nikazitazama. Kisha nikazizunguka, nisije nikachafua viatu, nikaondoka.